Picha ya Mama kwenye Kalenda ya Sabuni

Mamba, 14 Agosti 1993

Kaka Asheri,

Huku tangawizi imekubali. Kamera ya chama bado unayo huko Dar.

Tulipoanzisha chama cha wapiga picha pale Same, wewe ndiye uliyeandika lengo letu: kila picha irudi kwanza kwa aliyepigwa. Mama yangu, shangazi yako, aliisubiri ile uliyompiga kwa miaka miwili. Mwezi wa saba niliikuta dukani Hedaru, kwenye kalenda ya sabuni. Sikumwambia.

Jumamosi iliyopita tulimzika. Picha nyingine hatukuwa nayo, basi nikaikata ile ya kalenda, nikaiweka juu ya jeneza. Jina la sabuni limeandikwa kifuani kwake, mkasi haukuweza kulitoa.

Mchungaji akaniuliza mbele ya watu hiyo ni nini. Nikamjibu, "Kazi ya Asheri wetu."

Justa, katibu wako