Flashi ya Mama Zuhura

Jumatano, Newala

Kompyuta ya nyumbani imepata virusi tena, kasema fundi leo jioni. Safari hii vimetoka kwenye flashi ya jirani yetu, Mama Zuhura, ile ya nyimbo za unyago inayozunguka kila nyumba. Mahojiano niliyorekodi kijijini Kitangari yamepona, na sikuwa na nakala nyingine.

Nikamwambia mke wangu flashi za watu sasa basi.

"Baba Asha, ukipulizia dawa mikorosho yako tu, ya jirani ukaiacha, ugonjwa wa ubwiriunga si utarudi?"

Nimempigia fundi simu arudi.

Jumamosi asubuhi mtaa mzima unaleta flashi zisafishwe hapa. Mke wangu ameshawatangazia, na mihogo ya kuchemsha ameshaagiza.