Kahawa Ambayo Nzeyimana Hakuitafuna

Izigo, Jumanne, tarehe 9 Septemba 1975

Mwanangu Benigna,

Ndizi nimekwisha kuzimenya, zimo chunguni. Wingu likitanda, anua kahawa uani. Mimi nimempeleka kibarua wetu Nzeyimana hospitali ya serikali, Bukoba.

Jana Baba yako alimfukuza kwa sababu mara tatu amemkaribisha kahawa ya kutafuna, heshima yetu kwa mgeni, naye hakuitia kinywani. "Mrundi huyu anadhani namlisha sumu!" alisema. Asubuhi hii nimemkuta Nzeyimana akifunga mzigo wake, shavu limevimba. Kahawa yote aliyopewa ilikuwamo mfukoni, ameifunga vizuri katika jani la mgomba.

"Mama, ni jino," aliniambia. "Hospitali naogopa. Mgeni atatozwa, nami sina kitu."

Katika kisomo cha watu wazima tulisoma kwamba matibabu ya serikali hayalipiwi, lakini haikuandikwa kama wageni nao wamo. Kwa hiyo nimebeba fedha nilizoweka kwa ajili ya miwani yangu. Wakimtoza, nitalipa, na macho yangu yatangoja msimu ujao. Usinihurumie, darasani nitakaa karibu na ubao.

Mwambie Baba yako ~~amwombe radhi~~ asimpe mtu mwingine kitanda cha Nzeyimana. Tena asimkaribishe kahawa mpaka kidonda cha jino kipone.

Ukimaliza kusoma, mpe Baba yako karatasi hii aisome mwenyewe. Akicheka herufi zangu zilizopinda, mwambie niliandika bila miwani.

Mama yako