Shemeji Kwenye Meza ya Maji

Dada Paskalina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, watoto wanakula, na mama kule Masieda mgongo umempa nafuu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na dawa yake huku haiuzwi. Barua yako imefika. Nimesoma kwamba mvua imekata mapema, na kwamba tumetengwa na Arusha, sasa sisi ni mkoa wa Manyara. Haya. Mkoa umezaliwa, mahindi yamekufa.

Nimesoma pia habari ya kile kikao. Kwamba ndugu za mume wako wanasema yeye, Shemeji Tluway, amekaa kimya tangu mtoto wenu wa mwisho hajajua kutembea, basi amekufa huko huko Ulaya kwenye mbio, na mavuno yakiisha wataweka msiba bila mwili na kugawana shamba la bondeni. Umeniuliza kama nimesikia lolote. Wakati ule nilikuwa sijasikia. Kaa chini kwanza ndipo usome yanayofuata.

Wiki iliyopita meneja anayetutafutia mbio alinituma peke yangu kwenye mji wa milimani, huku huku Italia lakini karibu na mpaka wa Austria. Wenzangu wote wana majeraha. Alinipa tiketi, pasi yangu ya kusafiria akabaki nayo kama kawaida yake. Treni ya kwanza ilijaa watu hadi wengine wakasimama, lakini kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu. Kwetu basi la Singida halijatoka stendi, mtu ameshakuuliza wewe ni wa ukoo gani. Treni ya pili ni ndogo, inapanda ikijizungusha na kupita ndani ya mlima, giza totoro. Humo wakaingia polisi, wakataka pasi. Nikawaonyesha nakala yake ya kivuli. Walinisimamisha mlangoni mbele ya abiria mpaka walipompata meneja kwenye simu. Niliona aibu, Dada, kama mtu aliyekutwa na mbuzi wa jirani.

Mji wenyewe umebanwa na milima kila upande. Hanang yetu ukichoka kuitazama unaipa mgongo. Kule ukigeuka unakutana na mlima mwingine. Nililala na njaa, maana sikujua chakula cha hoteli kililipiwa au la, na kuuliza niliogopa.

Asubuhi tukakimbia, kutoka kanisani kupanda kuelekea kwenye theluji. Meneja alikuwa amenionya kwamba nisipoingia kwenye watatu wa mwanzo, nafungasha virago. Kufika katikati nilikuwa wa tatu, na wa pili alishaanza kuyumba. Kwenye kona kulikuwa na meza ya maji, watu wananyoosha vikombe. Mmoja wao akaniambia kwa lugha yetu kabisa, kwa sauti ya chini, "Shusha mabega."

Unajua ni nani aliyekuwa akiniambia hivyo, nilipokaa kwenu Katesh tukipanda Hanang kila alfajiri na mimi sina hata viatu. Nikasimama. Najua utasema mjinga huyu, anasimama kwenye mbio. Lakini mtu aliyenifundisha kukimbia siwezi kumpita kama nguzo ya simu. Nikamwambia, "Shikamoo, shemeji."

Akatazama chini. "Marahaba. Unasimama nini? Kimbia."

Nilikimbia, lakini miguu ilishapoa. Sikuingia kwenye watatu.

Jioni nikamtafuta. Anaosha vyombo kwenye hoteli, anaishi chumba cha chini kisicho na dirisha. Kisigino kilikatika mshipa, meneja wake akamwacha hospitali na hakurudi tena. Anatembea akiuburuta mguu, yule yule uliyekuwa ukimwita swala. Alipika ugali wa unga wa huku, wa njano, tukala. Mwisho akauliza, "Shamba la bondeni nani analima?"

Nikamwambia ni wewe, kwa jembe la mkono. Nikamwambia na habari ya msiba. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Waache wanililie. Mtu akishaliliwa, hasubiriwi tena."

Nikamjibu vibaya, Dada. Nilimwambia shamba likishagawanywa watoto wake watakula nini. Akalia. Sikuwahi kumwona mtu mzima wa kwetu akilia hivyo, na mimi nikalia. Ndipo akaniomba nikuandikie kwamba sikumwona. Anasema uliolewa na mtu wa kukimbia, huyu aliyebaki humjui.

Nilirudi na treni ile ile. Meneja ameshasema ninarudishwa nyumbani mwezi ujao, na simlaumu, nilisimama mwenyewe.

Msalimie mama, umwambie nakuja mikono mitupu asije akachinja. Msalimie katekista aliyenibatiza, na mama mwenye duka la vitambaa pale Katesh anayetupokelea barua. Shemeji zako wenye kikao nao wasalimie, kwa adabu.

Kuhusu yeye, sijui kama atarudi. Sikudanganyi. Huenda hutamwona tena, nawe una haki ya kulia. Lakini siku watakapokuja na wembe wakunyoe nywele za ujane, wafungie mlango. Waambie mdogo wako amekula naye ugali.

Ndimi mdogo wako,
Emanueli