Mtandio wa Elvan Kwenye Kombaini

Jumatatu, 8 Julai

Tumefika Polatlı. Ngano imekauka mpaka inalia ukiigusa. Tangu tutoke Ceyhan, kwetu kusini, tunaifuata inavyoiva, kaskazini, kaskazini tena. Nyumbani kunazidi kubaki nyuma.

Kazi ni ileile. Asubuhi, kabla fundi Nazmi hajawasha, napanda nyuma ya kombaini ya kuvunia na mpira wa kompresa. Napuliza makapi yote: kwenye ekzosi, chini ya mikanda, kwenye beringi. Makapi yakilala juu ya chuma cha moto, kwisha habari. Adhuhuri tunazima, napuliza tena. Natema mate meusi.

Napuliza kila mahali isipokuwa pale kwenye reli, karibu na ekzosi, alipofunga mtandio wake mke wangu Elvan. Upepo wa kompresa ungeuchana.

Jumatano, 10 Julai

Nimeongea na Elvan! Simu ilikatika mara mbili. Kitu cha kwanza kuuliza: bado upo? Nikasema nipo. Akacheka. Alikuwa anauliza mtandio.

Upo, nikamwambia. Akasema nisiuguse, nitaufungua mlangoni kwake, akiona kwa macho yake. Kwetu ndivyo wanavyofanya wake za watu wa kombaini. Anaufunga siku ya safari, unafunguliwa siku ya kurudi. Ukifunguliwa njiani, mwenye safari harudi. Mama yangu alimfungia baba hivyohivyo, na baba alirudi kila mwaka.

Aliufunga pale kwa sababu kibanda cha dereva ni cha fundi. Mahali pangu mimi ni huku nyuma, kwenye injini.

Tulioana Aprili. Hata sijajua vizuri anapenda kulala upande gani.

Alhamisi, 11 Julai

Upepo wa moto mchana kutwa. Moshi upande wa Haymana. Kombaini ya watu wa Osmaniye imeungua, na shamba zima nyuma yake. Watu wamepona. Tulimkuta dereva kakaa barabarani, viatu mkononi. Fundi alimpa maji.

Chakula cha jioni hakuna aliyekigusa.

Jumamosi, 13 Julai

Upepo umerudi. Mwenye shamba, Bwana Rıfat, anataka tumalize leo. Fundi akamwambia: “Ngoja nikague mashine kwanza. Ngano yako ikiungua utanilaani mimi, hutaulaani upepo.” Seyfi, mwenzetu wa trekta, kaliegesha pembeni, boza la maji limejaa, plau iko tayari kuchimba mkanda wa udongo wa kuzuia moto ukitokea. Mitungi ya kuzimia moto fundi kaitikisa mmoja mmoja.

Kisha akapanda kwangu huku nyuma. Akapitisha kiganja kwenye beringi, kwenye mkanda, kwenye reli. Pale kwenye mtandio akasimama.

“Remzi. Njoo ushike.”

Nikashika. Umelowa mafuta, makapi yamejaa kwenye kila mkunjo. Na ncha yake, ile iliyoelekea ekzosi, ni ya kahawia. Imekauka kama mkate ulioungua. Sijui tangu lini! Kila siku nasafisha, kila siku namwambia Seyfi asivute sigara karibu, na utambi wenyewe naubeba mimi.

Seyfi akapiga kelele kutoka kwenye trekta: “Bwana harusi! Ufunge mkononi basi, mbona rahisi!”

Nikamwambia anyamaze. Kufungua ni kufungua. Kuufunga tena mahali pengine hakusaidii kitu.

Fundi hakucheka. Akatoa kisu, akanipa kwa upande wa mpini. “Mwanangu, mke wangu mimi nilimwambia afunge kwenye kioo cha gari. Ningekwambia na wewe siku ile, lakini bibi harusi alikuwa analia, nikaona haya. Ukate. Au ufungue. Ila siwashi mashine huu ukiwa hapa.”

Akashuka kunywa chai.

Kisu nimekiweka chini. Kukata siwezi. Nimejaribu kwa vidole — fundo limekaza, kucha imeng'oka kidogo. Nimempigia Elvan anipe ruhusa. Inaita, hapokei. Saa hizi yuko bustanini, simu kaiacha ndani. Nimepiga tena.

Bwana Rıfat anatembea huku na huku, anatazama mbingu. Fundi kamaliza glasi ya kwanza, anamiminiwa ya pili. Seyfi kazima trekta, ananitazama. Hata yeye sasa hatanii.

Nimepata pa kuingiza kidole. Fundo limelegea kidogo. Ndani kabisa kitambaa bado ni cheupe, vumbi halijafika, na nilipoinamisha pua — sabuni yake! Ileile. Kumbe muda wote ilikuwa humu ndani.

Nikivuta mara moja tu, linaachia. Fundi kasimama, anamwaga masalia ya chai chini.

Simu bado inaita.