Kidakuzi kwenye Simu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Julai
Baridi. Chai, kisha chati, kama kila siku. Wasomaji wanaorudi kwenye tovuti yetu ya afya wameongezeka tena. Nikajisifu mwenyewe, maana ofisi hii ya hapa Msamala haina mtu wa kunisifu. Kazi ni ya vidakuzi, vile vijifaili tunavyoviacha kwenye simu ya msomaji ili tumtambue akirudi. Nimevipa uhai wa miaka miwili. Ukifungua tena: "Karibu tena! Endelea kusoma kuhusu..." na mada yako ya mwisho. Bosi anaipenda salamu hiyo utadhani kaizaa.

Mchana akapiga simu binti mmoja wa kijijini Lusewa. Nikampa Skola, anayeshughulikia faragha. Alipokata simu hakunitazama.

Jumanne, 7 Julai
Saba Saba. Watu wanakula sikukuu, Skola kaniita kazini. Nilikuja nimenuna. Aliponieleza, hasira ikaisha.

Yule binti ameolewa. Husoma uzazi wa mpango kwenye simu ya mama mkwe. Mama yuko hospitali ya Peramiho anauguza mgonjwa, simu kaiacha nyumbani. Anarudi Jumamosi, naye husoma kwetu mambo ya presha. Akifungua tu, salamu yangu itamwambia yote. Kitaitishwa kikao cha ukoo, ndoa yenyewe haina mwaka. Skola alijaribu kumwelekeza afute mwenyewe. Anaogopa atafuta na namba za mama.

Jamani! Nilidhani kila simu ina mtu wake. Mimi, niliyekulia nyumba yenye simu moja! Naona aibu.

Jumatano, 8 Julai
Nilisema tuondoe salamu, kidakuzi kibaki. Skola akakataa.

"Salamu ni mdomo tu. Anayekumbuka bado yumo."

Kweli. Na sheria haitaki tukae na taarifa za mtu muda mrefu kuliko zinavyohitajika. Nikapunguza miaka miwili kuwa siku moja. Nikaagiza vitumbua.

Skola akajaribu kwenye simu yake. "Karibu tena!" Lo! Vidakuzi vitakavyokufa mapema ni vipya. Vya zamani viko kwenye simu za watu na umri uleule wa miaka miwili. Sikuliwaza hilo kabisa. Yeye aliliwaza kabla vitumbua havijafika.

Alhamisi, 9 Julai
Dawa ipo. Tubadili jina la kidakuzi, tovuti isivitambue vya zamani na ivifute ikikutana navyo. Lakini kila msomaji atakuwa mgeni. Wanaorudi: sifuri. Na wafadhili wanasubiri taarifa ya mwezi huu.

Bosi akawaka. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mwoga mkubwa. Skola hakupandisha sauti hata kidogo.

"Bosi, wanarudi kwa sababu wanatuamini. Tukiwachoma, hiyo chati utamwonyesha nani?"

Bosi akafunga mlango wake. Jioni aliondoka bila kuaga.

Ijumaa, 10 Julai
Hakuna jibu mpaka saa nane mchana. Kisha bosi akatoa kichwa mlangoni: "Fanyeni."

Tumefanya. Skola kajaribu kila simu ofisini, hadi ya mlinzi. Hakuna inayokumbuka kitu. Huyu Skola ana akili na ana moyo. Wengi wetu tumejaliwa kimoja, tena kwa shida. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia vitumbua vimebaki viwili.

Jumapili, 12 Julai
Nimetoka misa ya kwanza, nikapita ofisini.

Ujumbe umefika kwa Skola jana, kutoka simu ya jirani: "Mama karudi. Kashika simu yake, kasoma presha. Kaniuliza unga uko wapi." Kanitumia na mimi. Nimeusoma mara nyingi.

Nikafungua chati. Wanaorudi, sifuri. Asubuhi hii kuna mtu kasoma presha. Kuna mtu kasoma uzazi wa mpango. Wote wageni. Sijui ni nani, na sina pa kuangalia.

Nikazima kompyuta, nikaenda nyumbani kula.