Makopo Sita ya Pilipili

4 Machi

Kwa mke mwenzangu mdogo,

Hujambo wewe? Mama yako naye? Huo uhamisho wake wa kazi hospitalini umemkalia vizuri? Mimi mzima, ila magoti yanalalamika nikipanda ngazi. Nyumba imepoa tangu mhame, hakuna wa kunibishia.

Nimetoka kumwagilia pilipili zetu sasa hivi, makopo yote sita pale dirishani. Lakini mwenzangu, sijui zimepatwa na nini. Majani yamekuwa ya njano, mengine yanadondoka hata sijayagusa. Zako je? Si tuligawana mbegu na udongo wa mfuko mmoja? Au umeondoka na baraka zote, mwizi wewe?

Jirani alileta suruali nimpunguzie, mguu mmoja nimeukata mara mbili. Tumecheka mpaka machozi.

Haya, ngoja niishie hapa nikamwagilie pilipili kabla jua halijakaza.

Bibi yako


13 Machi

Shikamoo Bibi,

Sisi wazima. Mama anakusalimu, anasema zamu za wodini zinamchosha lakini anajikaza. Nimepata rafiki shuleni, anaongea kukuzidi!

Usininunie, pilipili zangu zimetoa maua.

Bibi, barua yako nimeisoma mara tatu. Mwanzo umesema umetoka kumwagilia. Mwisho unasema unakwenda kumwagilia. Labda zinazama maji, ndiyo maana zinageuka njano. Chukua ile chaki yako ya kuchorea vitambaa. Ukimwagilia asubuhi, chora mstari kwenye kopo la kwanza, ukienda kulala ufute. Ukiukuta mstari, acha birika. Mimi pia nitachora, tuwe sawa.

Mke mwenzako


21 Machi

Marahaba mjukuu wangu,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi mwili haujambo.

Nisikufiche, nilikasirika. Nikasema, huyu niliyemfundisha kushika birika leo ananifundisha kumwagilia! Ukubwa umeupata wapi? Lakini chaki nikaichukua, maana ubishi hauoteshi pilipili.

Juzi saa sita mchana nikaenda dirishani, nikakuta mistari mitatu. Mitatu! Mkono ni wangu, chaki ni yangu, na mimi nakumbuka mmoja tu. Niliketi nikaogopa. Sijaogopa hivyo tangu afariki mume wetu, babu yako.

Sasa nakuomba, mama yako asijue. Akijua yeye, mjomba wako amejua, na mjomba wako hana subira, atanihamisha kabla wiki haijaisha. Chumba hiki nimekaa kwa jasho la cherehani yangu. Mlango naufunga mwenyewe, naufungua mwenyewe. Hii iwe siri yetu, mke mwenzangu.

Bibi yako


30 Machi

Shikamoo Bibi,

Unaendeleaje? Huku wazima wa mwili.

Sijui nianzeje. Nimemwambia mama. Barua yako ilikaa siku nne kwenye begi langu. Kila nikifumba macho nakuona uko peke yako na hakuna wa kukuambia, "Bibi, hizo umeshazimwagilia." Nikashindwa.

Mama amelia sana. Bado hajamwambia mjomba. Anataka uje ukae na sisi.

Najua uliniamini. Nisamehe Bibi, nakupenda.

Mjukuu wako


2 Mei

Shikamoo Bibi,

Hujambo? Hii ni barua yangu ya tatu tangu nimwambie mama, hujajibu hata moja. Mama alipokupigia kukuomba uje, ulisema utajibu kwa barua, ukakata. Simu unaishika kama kaa la moto. Likizo yake ni mwezi ujao, anasema atakuja huko mwenyewe, hata ukimfungia mlango.

Pilipili zangu zimezaa. Sijachuma hata moja, sina hamu nazo.

Nitukane ukitaka, lakini niandikie.

Mjukuu wako


15 Mei

Marahaba, marahaba, marahaba, moja kwa kila barua.

Pole mwanangu. Nami nilikuwa nimekununia! Nikisema, mtoto huyu nimemjibu, nimemsamehe, na bado anaandika kana kwamba sijajibu, ana kiburi cha nani? Jana ilipofika barua yako nikafungua droo nitafute stempu. Nikakuta bahasha tatu. Zote zina jina lako, zote mwandiko wangu, zote nimezifunga vizuri. Nimezifungua moja moja. Zote zinasema, "Ulifanya vyema kumwambia mama yako." Nilidhani nimezituma.

Basi umesamehewa mara tatu bila kujua, na mimi nimekuacha ulie mwezi mzima. Hilo limenichoma kuliko mistari yote ya chaki. Majani yakikauka tutapanda mengine, lakini wewe sina wa pili.

Hii nampa jirani, yule wa suruali, aiposti mbele ya macho yangu. Atanishika mkono mpaka posta.

Mwambie mama yako nakuja. Asiseme nimechukuliwa, nakuja kwa miguu yangu. Mjomba wako nimempigia mwenyewe, atabeba cherehani, na akinung'unika atabeba na meza yake.

Utanifundisha mambo ya huko, nami nitabisha, usichoke. Na siku nikikuita kwa jina la mama yako, usinisahihishe mwanangu. Itika tu.

Bibi yako