Viatu vya Waumini wa Ijumaa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Colette Bisimwa. Umri: miaka 43. Kazi: msusi. Makazi: Clairwood, Durban. Dini: Mkatoliki.

Mnamo tarehe 6 Februari 1998, siku ya Ijumaa, nilikuwa saluni kwangu, ng'ambo ya barabara kutoka msikiti mpya. Msikiti ule ni mkubwa, una milango ya vioo na lifti, lakini aliyeuchora alisahau kwamba watu wana miguu. Chumba cha viatu hujaa mapema, na wanaochelewa huviacha nje, ngazini.

Yapata saa saba mchana, swala ikiendelea, wingu lilitanda. Léonce, Mrundi anayelinda magari pale nje, alikuja mbio mlangoni kwangu.

"Mama Colette, mvula inakuya. Uko na bâche?"

Nikampa turubai langu, nikamwambia alirudishe, halina mwenzake. Nilimwona akipanda ngazi, akavikusanya viatu vyote ndani ya turubai, akaubeba mzigo mgongoni kuuleta barazani kwangu. Mvua ikaanza kumwagika. Bwana mmoja aliyechelewa swala alishuka kwenye gari, akamkamata shati katikati ya barabara, akaita polisi waliokuwa kwenye robot, zile taa za barabarani.

Kiingereza cha Léonce kinaishia kwenye "sharp", salamu ya mitaani hapa. Nilitoka na kitana mkononi nikasema huyu si mwizi, hakuna aliyenisikiliza. Wakamchukua, mzigo wakauacha barabarani, nikauburuta mwenyewe hadi barazani. Niliumia sana, kwa sababu kibali chake cha ukimbizi kinaisha mwezi huu, na akiwa na kesi anaogopa hatapewa kingine.

Waumini walipotoka walivikuta viatu vyao barazani kwangu, vikavu. Walicheka, nami nikacheka nao. Bwana yule hakucheka. Sasa hivi yuko hapo nje ya kituo kwenye benchi, amemletea Léonce biriani.

Afisa ameniuliza nitajuaje kwamba Léonce hakukusudia kuiba. Léonce si Mwislamu, ni mtu wa kwaya. Lakini alipofika chini ya ngazi alivua vyake kwanza, ndipo akapanda. Mwizi gani huvua viatu ili aibe viatu? Hakupewa nafasi ya kuvirudia. Nimekuja navyo, hivi hapa, bado vinachuruzika.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na nimesomewa nikayakubali.

Sahihi: C. Bisimwa

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa kupitia mkalimani. Mlalamikaji ameondoa shauri. Jozi moja ya viatu, iliyolowa, amekabidhiwa Léonce mwenyewe alipoachiwa, saa kumi alasiri.